Ubongo na Fikira: Hitilafu ya Golgi na Cajal

Katika maswali ambayo binadamu amejiuliza juu ya nafsi yake, machache yamemshinda kama hili: fikira hutoka wapi? Jicho huona, sikio husikia, na kila mtu aweza kukionyesha kwa kidole kiungo kinachofanya kazi hizo. Lakini ni kiungo gani kinachopima, kinachokumbuka, kinachotunga shairi na kutatua hesabu? Lugha yetu yenyewe imesitasita katika jambo hili. Twasema kwamba neno limewekwa moyoni, na papo hapo twasema kwamba mwanafunzi ana kichwa kizito. Basi elimu yawekwa mahali pamoja na ugumu wa kuipata mahali pengine. Kusitasita huko si kwa Waswahili peke yao. Aristotle, mwenye hekima wa Uyunani, aliufanya moyo kuwa makao ya hisi na fahamu, akaudhani ubongo kuwa chombo cha kupoza joto la mwili. Galen, tabibu wa karne ya 2, alishika upande wa ubongo. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alizipanga nguvu za akili katika vyumba vilivyo ndani ya ubongo, kumbukumbu akaiweka chumba cha nyuma.

Wote hao, pamoja na tofauti zao, walikubaliana katika jambo moja: walitafuta kiti cha fikira. Walidhani kwamba fikira ina mahali pake kama mfalme alivyo na kiti chake, na kwamba mahali hapo pakijulikana, swali limekwisha. Insha hii yakusudia kueleza jinsi swali hilo lilivyogeuka. Tangu mwisho wa karne ya 19 wataalamu walianza kuuliza, si fikira inakaa wapi tu, bali sehemu za ubongo zimeungana namna gani. Mgeuko huo una wazee wengi, lakini sura yake ilionekana wazi kabisa katika hitilafu ya watu wawili, Camillo Golgi wa Italia na Santiago Ramón y Cajal wa Hispania. Anayetaka kuifahamu elimu ya ubongo ya leo hapotezi wakati akianza kwao.

Mwaka 1838 na mwaka 1839 Wajerumani wawili, Matthias Schleiden na Theodor Schwann, walitangaza kwamba mimea na wanyama wamejengwa kwa seli, kila seli ikiwa na uhai wake na mpaka wake, kama nyumba ilivyojengwa kwa mawe mengi. Rai hiyo ilithibitika katika ini, katika ngozi na katika viungo vingine. Ubongo ulikaidi. Kipande chembamba cha ubongo kilipowekwa chini ya hadubini, hapakuonekana mawe yaliyopangwa, bali kichaka cha nyuzi zilizosokotana, hata hakuna aliyeweza kusema uzi huu waanzia wapi na ule waishia wapi. Kikitiwa rangi chote, kilikuwa giza tupu. Kisipotiwa rangi, hakikuonyesha kitu. Mapema katika miaka ya 1870 Joseph von Gerlach, Mjerumani mwingine, alitoa maelezo ambayo wengi waliyapokea: nyuzi hizo zimeungana zote, zimekuwa wavu mmoja usiokatika popote. Kwa maelezo hayo ubongo ulikuwa umetoka katika kanuni inayotawala viungo vingine vyote.

Hapo ndipo alipoingia Golgi. Alikuwa daktari katika hospitali ya wagonjwa wasiotibika katika mji mdogo wa Abbiategrasso, karibu na Milano. Hapakuwa na maabara; aligeuza jiko kuwa chumba cha majaribio, akafanya kazi humo baada ya kazi za mchana. Mwaka 1873 alitangaza njia mpya. Aliukausha na kuugumisha ubongo kwa dikromati ya potasiamu, kisha akautia katika maji ya nitrati ya fedha. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Dawa hiyo haikuzitia rangi seli zote; ilichagua chache sana miongoni mwa nyingi, lakini kila iliyoichagua ilikuwa nyeusi tangu mwili wake hata ncha za matawi yake, ikasimama peke yake juu ya uwanja wa manjano. Sababu ya dawa kuzichagua hizi na kuziacha zile haijaelezwa kikamilifu hata leo. Golgi aliuita ugunduzi wake mmenyuko mweusi. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuitazama seli ya ubongo nzima, kama atazamaye mti mmoja uliobaki wakati msitu wote umefichwa na ukungu.

Mtu angedhani kwamba aliyeiona seli peke yake angekuwa wa kwanza kusema kwamba seli husimama peke yake. Haikuwa hivyo. Golgi alitazama matawi ya nyuzi ndefu, akaona jinsi yanavyogawanyika na kupotea katika msongamano, akahukumu kwamba humo ndani yameungana. Aliubadili wavu wa Gerlach kidogo, lakini wavu ulibaki.

Kwa miaka kumi na zaidi njia yake haikutumiwa na wengi nje ya Italia. Mwaka 1887 ilimfikia Cajal. Huyu alizaliwa mwaka 1852 katika kijiji cha Petilla. Utotoni alipenda kuchora kuliko kitu chochote, na baba yake, aliyekuwa tabibu, aliyaona mapenzi hayo kuwa upuuzi. Kwa kutaka kumrudi, alimpeleka kujifunza kazi ya kinyozi na kazi ya ushonaji wa viatu. Mwishowe baba na mwana walipatana juu ya mifupa ya watu: baba alifundisha elimu ya mwili, na mwana alipata cha kuchora. Cajal alitumika Cuba akiwa daktari wa jeshi, akarudi amedhoofishwa na malaria. Alipooneshwa vipande vilivyotiwa rangi kwa njia ya Golgi nyumbani kwa daktari Luis Simarro mjini Madrid, alitambua mara moja kwamba amepata silaha aliyokuwa akiitafuta.

Lakini hakuitumia kama alivyoikuta. Kwanza, alikitia kipande katika dawa mara mbili ili rangi ishike vema. Pili, na hili ndilo kubwa, aliacha ubongo wa wanyama wazima, akachagua wa ndege wachanga na wa vijusi, ambamo nyuzi bado ni fupi, bado hazijafunikwa na ala yake ya mafuta. Penye umri mdogo msokotano ni mdogo, na jicho laweza kufuata uzi hata mwisho. Alifuata, akaona mwisho. Katika ubongo mdogo wa nyuma wa ndege, nyuzi zilikuja, zikaizunguka seli kubwa kama kikapu kinavyozunguka tunda, zikaishia hapo. Zilisogeleana, hazikuwa kitu kimoja. Mwaka 1888 alitangaza jambo hilo katika jarida alilolianzisha na kulilipia mwenyewe, nakala chache tu, kwa Kihispania, lugha ambayo wataalamu wengi wa elimu hiyo hawakuisoma. Alipoona kwamba hakuna anayejibu, mwaka 1889 alichukua hadubini na vipande vyake akaenda Berlin, penye mkutano wa wataalamu wa mwili wa Ujerumani, akawaita mmoja mmoja waje kutazama. Albert von Kölliker, mzee mwenye sifa kubwa kuliko wote, alitazama akasadiki.

Cajal hakuwa peke yake. Wilhelm His na August Forel, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wamekwisha kushuku wavu kabla yake. Mwaka 1891 Wilhelm Waldeyer alikusanya ushahidi wa hao wote, akaipa seli ya ubongo jina la niuroni. Mwaka huo huo Cajal aliongeza kanuni nyingine: habari huingia katika niuroni kwa matawi yake mafupi na kutoka kwa uzi wake mrefu, wala hairudi nyuma. Tangu hapo michoro yake ilikuwa na mishale. Jambo hilo laonekana dogo, lakini lilikuwa mwanzo wa kuutazama ubongo kama njia zinazopitwa, si kama kitu kilicholala.

Mwaka 1906 tuzo ya Nobel ya tiba iligawanywa kwa mara ya kwanza baina ya watu wawili, na watu hao walikuwa Golgi na Cajal. Walikutana Stockholm. Golgi alisema kwanza, tarehe 11 Desemba, akaitumia hotuba yake kuipinga rai ya niuroni, iliyokuwa imekwisha kukubaliwa na wengi waliokuwa wakimsikiliza. Cajal alisema siku ya pili, akaleta ushahidi wa kuitetea. Mmoja alikuwa ametengeneza chombo, mwingine alikuwa amekitumia kumshinda mwenye chombo. Hapa pana somo la kukumbukwa na kila mwanafunzi wa historia: chombo hakimwonei mwenyewe. Watu wawili walitazama fedha nyeusi ile ile juu ya kioo kile kile, na kila mmoja akaona alichokuwa tayari kukiona.

Ni rahisi kuacha habari hapo na kumcheka Golgi. Kufanya hivyo ni kumdhulumu, tena ni kulikosa jambo lenyewe. Golgi aliushika wavu kwa sababu alikuwa na swali ambalo Cajal hakuwa na jibu lake. Mtu hufikiri akiwa mmoja. Aonapo embe, haoni umanjano hapa, harufu pale na utamu mahali pengine, huona embe. Ikiwa ubongo ni umati wa chembe zilizotengana, kila moja na mpaka wake, umoja huo watoka wapi? Golgi alihubiri kwamba ubongo hutenda kazi kwa pamoja, wala hakuona pamoja huo ungewezekanaje pasipo kuungana kwa mwili. Alikosea katika jibu, lakini swali lake lilikuwa swali la kweli, na hakuna mtaalamu wa ubongo leo asiyelishughulikia kwa namna moja au nyingine.

Tena wakati uliofuata ulimrudishia sehemu ndogo ya haki yake. Mwaka 1959 Edwin Furshpan na David Potter walitangaza kwamba katika kamba wa maji baridi ziko neva zinazopelekeana umeme moja kwa moja, na baadaye viungo vya namna hiyo, vyenye vijia vyembamba sana baina ya seli na seli, vilionekana katika ubongo wa wanyama wengi, pamoja na wanyonyeshao. Lakini hivyo si vingi kulinganisha na vile vingine, na hata hapo seli haikuacha kuwa seli.

Baada ya kukubaliwa kwamba niuroni hugusana bila kuwa kitu kimoja, mtazamo wote ulihamia mahali pa kugusana. Charles Sherrington, Mwingereza, alipapa jina la sinapsi mwaka 1897. Hakupaona, alipafahamu kwa hesabu, kwa kuwa habari ipitayo katika uti wa mgongo huchelewa kuliko ipitayo katika neva tupu, na tena huenda upande mmoja tu. Mwaka 1921 Otto Loewi, mjini Graz, alichukua mioyo miwili ya vyura. Aliuchochea mshipa wa neva unaopunguza mapigo ya moyo wa kwanza, ukapunguza mwendo. Kisha maji yaliyozunguka moyo huo akayatia katika wa pili, nao ukapunguza mwendo, ijapokuwa haukuguswa na neva yoyote. Basi neva ilikuwa imesema kwa dawa iliyoitoa, si kwa umeme peke yake. Katikati ya miaka ya 1950 hadubini ya elektroni ilionyesha hatimaye mwanya wenyewe: upana wake ni kama sehemu 20 za milioni moja za milimita. Cajal alikuwa amefariki mwaka 1934, asiuone.

Mwanya huo mdogo ndio kiini cha maneno yangu. Laiti ubongo ungalikuwa wavu usiokatika, habari ingalitapakaa kama maji katika mfereji, yaliyomwagwa hapa yafike kote kwa namna ile ile daima. Penye mwanya, kila kiungo chaweza kuwa na nguvu au kuwa dhaifu. Chaweza kuichochea seli ya mbele au kuizuia. Na zaidi ya yote, chaweza kubadilika. Katika hotuba aliyoitoa London mwaka 1894, Cajal alikisia kwamba mazoezi ya akili huongeza na kuimarisha viungo baina ya niuroni. Mwaka 1949 Donald Hebb wa Kanada aliifanya dhana hiyo kuwa kanuni: seli moja ikishiriki mara kwa mara katika kuiamsha nyingine, kiungo baina yao hupata nguvu. Mwaka 1973 Tim Bliss na Terje Lømo walitoa ushahidi. Walizichochea upesi upesi nyuzi fulani katika ubongo wa sungura, wakaona kwamba sinapsi zake zilibaki na nguvu iliyozidi kwa saa nyingi baadaye. Kujifunza, basi, si kujaza chombo kitupu. Ni kubadili nguvu za mianya. Baadhi ya dawa zitulizazo maumivu, sumu nyingi za nyoka, na vileo vyote vipatavyo akili ya mtu hufanya kazi yake kwa kuingilia mahali hapo hapo au jirani yake.

Lakini viungo vinabadilikaje kuwa fikira? Mfano mmoja watosha kuonyesha njia. Mwaka 1959 David Hubel na Torsten Wiesel walitangaza walichokiona katika ubongo wa paka. Seli za jicho huitikia nukta ya nuru. Seli za gamba la ubongo, zipokeazo habari hizo, hazikujali sana nukta. Ziliitikia mstari, tena mstari ulioinama kwa namna fulani tu. Maelezo waliyoyatoa ni mepesi. Seli kadhaa ambazo nukta zake zimejipanga safu zikipeleka habari kwa seli moja, na hiyo ikaamka zinapoamka zote pamoja, basi seli hiyo itajua mstari, ijapokuwa hakuna hata moja miongoni mwa zile za kwanza ijuayo mstari ni nini. Mwanafunzi wa lugha hatalishangaa jambo hili. Herufi k haina maana, wala a, wala l. Zikipangwa huwa silabi, silabi huwa neno kalamu, na maneno yakipangwa huwa sentensi ambayo haikuwamo katika herufi yoyote. Maana haikai ndani ya herufi. Hukaa katika mpango wao.

Kabla ya haya, wataalamu wa ugonjwa wa usemi walikuwa wamekaribia hapo hapo kwa njia yao. Mwaka 1861 Paul Broca wa Paris alionyesha kwamba mgonjwa aliyeweza kusema silabi moja tu alikuwa na jeraha upande wa mbele wa kushoto wa ubongo, na watu wakafurahi kwamba kiti cha usemi kimepatikana. Mwaka 1874 Carl Wernicke, kijana wa miaka 26, alionyesha mahali pengine, nyuma zaidi, ambapo pakiumia mtu husema maneno mengi yasiyo na maana. Akafikiri kwamba usemi haumo hapa wala pale, bali katika njia iunganishayo mahali hapo. Akatabiri ugonjwa wa namna ya tatu utakaotokea njia hiyo ikikatika. Kiti kilikuwa kimegeuka kuwa barabara.

Hesabu ya siku zetu yaithibitisha rai hiyo. Suzana Herculano-Houzel wa Brazili na wenzake walitangaza mwaka 2009 kwamba ubongo wa mtu una niuroni kama bilioni 86. Katika hizo, bilioni 69 hivi zimo katika ubongo mdogo wa nyuma, na bilioni 16 hivi tu zimo katika gamba la ubongo mkubwa. Lau wingi peke yake ungalikuwa ndio akili, fikira zetu zingalikuwa kisogoni. Walakini wameonekana watu wachache waliozaliwa bila ubongo huo mdogo, nao huishi na kusema na kufikiri, japo mwendo wao na usemi wao ni wa taabu. Wingi si mpango.

Hata hivyo, mpango nao usifanywe sanamu ya kuabudiwa. Mwaka 1986 ilitolewa ramani ya niuroni zote 302 za mnyoo mdogo wa udongoni, na viungo vyake. Mwaka 2024 ikatolewa ya ubongo mzima wa inzi wa matunda, niuroni 139,255 na sinapsi zaidi ya milioni 50. Ni kazi za kusifiwa. Lakini Eve Marder na wenzake, kwa miaka mingi, walichunguza fungu la niuroni kama 30 ziendeshazo tumbo la kaa, wakaonyesha kwamba viungo vile vile hutoa midundo mbalimbali kwa kadiri ya dawa zilizomo katika maji yanayovizunguka. Ramani ya mji yaonyesha njia. Haionyeshi nani anapita leo na anakwenda sokoni au mazishini. Tena hakuna ramani iliyokwisha kueleza kwa nini mwendo wa chumvi na umeme katika seli huhisiwa na mwenye seli hizo kuwa huzuni, au ladha ya embe, au kukumbuka.

Basi tukirudi kwa wale wawili, twaona kwamba kila mmoja alishika sehemu ya kweli. Cajal alikuwa na haki: ubongo ni jamii ya watu mbalimbali, kila mmoja na mlango wake. Golgi naye alikuwa na haki: fikira si ya mmoja wao, ni ya wote. Makosa ya Golgi yalikuwa kudhani kwamba umoja hauwezi kupatikana ila kwa kuondoa mipaka. Ubongo umekuwa ukimjibu tangu siku ile ya Stockholm kwamba umoja ulio bora hupatikana mipaka ikibaki, na wenye mipaka wakisemezana. Na kwamba kwa sababu hawakuungana moja kwa moja, waweza kujifunza. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mwalimu aingiapo darasani, na mwanafunzi afunguaye kitabu asichokielewa jana, wote wawili wanafanya kazi katika mwanya ule, upana wa sehemu 20 za milioni moja za milimita, na kazi yao huacha alama.